Mpini Mpya, Kamba Kuukuu

"Kwa nini mtu aliyekubali chombo kibovu akikatae kizuri?"

Daktari Asila aliniuliza hivyo katikati ya ukumbi wa kliniki yake ya meno, mbele ya wagonjwa waliokuwa wakingoja zamu, huku mimi nimeshika mpini niliouhangaikia kwa wiki nyingi. Chuoni nilikuwa mtu wa kumkatiza mwalimu. Kila jibu nilikuwa na swali juu yake. Siku ile niliutazama ule mpini kana kwamba utajisemea wenyewe.

Nimeacha kazi mwezi uliopita. Wenzangu wa karakana ya Ansab, hapa Maskati, wananiita mstaafu, na wakiniita hivyo wanacheka, maana arobaini sijaifikia. Hasa yaliyostaafu ni masikio. Ukikaa kutwa unajaribu mipini ya meno, mwaka baada ya mwaka, ile mbinja yake inahamia kichwani na haitoki. Daktari wa masikio alinipa chaguo moja tu, kisha akanipongeza kwa kulichagua. Nyie mnaobaki kwenye meza yangu mmeniomba niandike machache. Habari za vyeo na mishahara kamuulizeni mtu mwengine. La kwanza na la maana: vaeni vizibo vya masikio, hata Ami Nassor akicheka. La pili ni refu zaidi, nalo ni ile mashine ya zamani mnayoiona kwenye picha ukutani. Mnadhani tulijua tulichokuwa tukikifanya. Hatukujua. Na sisemi hivyo kwa unyenyekevu.

Nilifika karakanani na shahada ya uhandisi wa mitambo na viatu visivyofaa. Ilikuwa palepale ilipo sasa, barabara ya nyuma, baina ya duka la mapazia na mtu wa viyoyozi. Ami Nassor, mwenye karakana, mzaliwa wa Unguja, alianza ufundi kwenye saa za mkono, akahamia kwenye cherehani, akaishia kwenye vyombo vya meno. Sababu aliyonipa ni kwamba saa zimekufa, cherehani zinakufa, lakini watu hawataacha kula halua.

Asubuhi yangu ya kwanza aliniwekea mpini mezani. Kwa asiyejua: mpini ni kile kifimbo cha chuma anachokishika daktari wa meno, na mbele yake hukaa biti ndogo inayozunguka na kuchimba jino. Ya siku hizi huendeshwa kwa upepo, na ndiyo inayopiga mbinja ambayo mtu akiisikia tu kutoka ukumbini anakumbuka kwamba ana safari.

"Usiufungue," aliniambia. "Usikilize kwanza."

"Nisikilize nini, Ami?"

"Nikikwambia cha kusikiliza, utakisikia hichohicho."

Niliona ni maneno ya kutundika ukutani. Nikamwomba michoro ya mpini.

"Michoro?" Akawatazama wenzake kama anayewaomba radhi. "Mwanangu, hapa michoro hatuna. Chai tunayo."

Nikausikiliza. Sikusikia kitu. Nikaufungua alipokwenda kuswali, nikakuta beringi imepasuka, nikafurahi kwamba macho yangu yameshinda sikio lake. Aliporudi alisema, "Beringi, sivyo?" Hata leo sijui kama alisikia au alinichungulia dirishani.

Miezi michache baadaye ililetwa mashine ya Daktari Asila, nyuma ya gari, imezongwa blanketi. Baba yake alikuwa msaidizi wa daktari wa meno kule Unguja, na familia ilipohamia Maskati alikuja nayo. Ikakaa nyumbani, kisha ikawa pambo kwenye ukumbi wa kliniki ya binti. Ilikuwa na kiguu cha chuma kizito, gurudumu kubwa, na kanyagio kama la cherehani. Juu yake ulitoka mkono wenye viungo, umekunjika kama mguu wa panzi, na kila kiungo kilikuwa na kapi dogo. Mtu akikanyaga, gurudumu linavuta kamba, kamba inapita juu ya makapi yote hadi kwenye mkia wa mpini, na mpini unaizungusha biti. Hakuna umeme, hakuna upepo. Kamba yenyewe ilikuwa imeshaoza zamani. Daktari alitaka izunguke tu, wageni wafurahi.

Ami Nassor aliisafisha, akaitia mafuta, akenda kliniki kupima urefu wa kamba, na akarudi na kamba kabisa. Ilikuwa ya pamba, nyeupe, imesukwa kwa mkono, na ndani ya msuko kulikuwa na uzi mmoja mwekundu unaochomoza kila baada ya pindo chache.

"Umeipata wapi?" nikamuuliza. Mimi huuliza kila kitu.

"Palepale kwa Daktari. Kapu la mapokezi limejaa."

Nililijua lile kapu. Daktari Asila alikuwa akitibu watu wazima wenye ulemavu wanaokwenda kwenye kituo kimoja cha mchana, na kazi zao za mikono zilikuwa zikiuzwa pale mapokezi: kofia, vishikizo vya funguo, na zile furakha, vishada vinavyoning'inia shingoni mwa kanzu ya Kiomani. Nikaona jibu limetosha. Ami aliziunga ncha mbili kwa sindano, tukairudisha mashine kliniki.

Siku hiyo tuliyoirudisha ndipo nilipomwona Khalfan.

Alikuwa mtu wa makamo, kanzu safi, amekaa karibu na mlango wa nje ili asisogezwe mbali nao. Mama yake, Bi Rahma, mshonaji wa Al Amerat, alikaa mbele yake kama ukuta. Khalfan husema maneno machache sana, na mbinja ya mpini wa upepo humfanya apige kichwa ukutani. Kwa hiyo meno yake ya upande wa kulia yalikuwa yameng'olewa hospitali, moja baada ya jengine, kwa kulazwa na dawa ya usingizi. Sasa lilikuwa limeanza kuoza moja la kushoto, la juu, nyuma tu ya chonge.

"Daktari, hilo nnakuomba," Bi Rahma alikuwa akisema. "Mengine nilinyamaza. Hilo msiling'oe, ana kazi nalo."

"Nitajitahidi, Bi Rahma. Lakini nikishika mpini haniruhusu hata nimsogelee."

Sisi tukateremsha mashine. Khalfan akanyanyuka. Neema, msaidizi wa Daktari, dada kutoka Mwanza, akaniminya mkono nisisogee. Khalfan aliweka kidole kwenye kamba. Akaifuata kwa kidole, taratibu, kutoka kwenye mpini, juu ya mkono wa mashine, kapi baada ya kapi, mpaka chini kwenye gurudumu. Akalisukuma gurudumu. Kamba ikapita. Akacheka kicheko kirefu, akamtazama mama yake.

Neema akaweka mguu kwenye kanyagio. Taka-taka-taka-taka.

"Wallahi kama cherehani yangu!" Bi Rahma akasema.

Basi. Hapo sote tukawa na nadharia: mtoto kakulia chini ya meza ya cherehani, mlio huu anaujua, mlio huu unamtuliza. Ilikuwa nadharia nzuri sana. Hata mimi sikuiuliza swali, na hilo peke yake lilipasa kunitia wasiwasi.

Daktari Asila alimgeukia Ami Nassor. "Hii inafanya kazi kweli?"

"Inazunguka."

"Kuzunguka siko kufanya kazi," nikasema.

"Huyu ni nani?" Daktari akauliza.

"Mhandisi wetu," Ami akajibu. "Tunamlea."

Nikamuuliza Daktari maswali yote mnayoyafikiria sasa. Kwa nini asitumie mpini wa mota ya umeme, usio na mbinja? Alikuwa nao, Khalfan hakuukubali upite mdomo wa juu. Vyombo vya mkono? Ametumia, amefika nusu, mpaka pagumu. Dawa ya kulainisha uozo? Hiyo pia. "Umemaliza?" akaniuliza. Nikasema bado.

Alijaribu mashine kwanza kwenye meno yaliyong'olewa, ameyapandikiza kwenye plasta. Kisha, baada ya mpini kupita kwenye mashine ya mvuke kama chombo chochote kinachoingia kinywani, akamjaribu Khalfan. Neema akakanyaga. Khalfan akaitazama kamba ikipita juu ya uso wake, akafungua mdomo. Bi Rahma, aliyekuwa amemshika miguu, aliinamisha kichwa akalia bila sauti.

Haikuchukua muda Daktari akasimama. Mpini ulimchoma vidole, na biti ilikuwa ikicheza. Akaliziba jino kwa dawa ya muda.

"Nitengenezeeni kama huu, usiopata moto wala kutetemeka," alituambia. "Dawa hii haitakaa. Ikitoka, jino likaingia usaha, sina la kufanya ila kumpeleka wakaling'oe."

Tukaipakia tena mashine hadi karakanani, na hapo ndipo ilipoanza kazi ninayoikumbuka kuliko zote, na ninayoifahamu kidogo kuliko zote.

Tatizo la mipini ya zamani ni rahisi kulieleza. Ndani kuna mhimili mwembamba unaozunguka ndani ya bushi mbili, vijibomba vya shaba. Bushi zikilika, mhimili unacheza, na biti inatetemeka kama mtu aliyekunywa kahawa kupita kiasi. Ukitia mafuta mengi, yanatoka mbele, na mbele ni mdomoni mwa mtu. Ukitia machache, shaba inasugua na kupata moto. Waliobuni vyombo hivi walijua yote haya. Mimi nilidhani nimegundua.

Ami Nassor alikereza bushi mpya, za kubana. Zilikuwa nzuri hata nikazipiga picha. Mpini ulipokuwa baridi, biti ilisimama wima bila kutikisika. Tukaukanyagia kwa muda wa kikombe cha chai, mhimili ukavimba kwa joto, ukakwama, kamba ikaruka na kunipiga pua.

"Imebana mno," nikasema.

"Nimeona."

"Ungeacha nafasi kidogo ya—"

"Thuraya. Nimeona."

Zamu yangu. Nilitoa bushi, nikatia beringi ndogo za gololi za chuma, kama zile za mota ndogo. Moto ukaisha. Badala yake mpini ukaanza kuimba, sauti nyembamba, karibu na ileile tunayoikimbia. Nilizibadilisha beringi kwa nyengine, zikaimba pia. Kumbe beringi mbili zikikaa huru, kila moja inatangatanga peke yake. Zinataka kusukumwa kidogo, moja ielekee kwa mwenzake. Tulitia kati yao kizingo, kijipete chembamba cha chuma kinachosukuma kama springi, sauti ikakata. Andikeni hilo mahali, mtalihitaji. Mbele tuliweka pete ya sufi iliyoshindiliwa kuzuia grisi, ya kubadilishwa kila mara. Mkia tuliupunguza unene, kwa sababu ulikuwa mzito na ulimvuta daktari kifundo cha mkono nyuma. Zile gia ndogo za kwenye kichwa cha mpini kilichopinda, zilizokuwa zikikwaruza, Ami alizisugua kwa dawa ya mswaki mpaka zikateleza kama hariri. Nilimuuliza kwa nini dawa ya mswaki. Akasema ni mashine ya meno. Sababu ya kweli ni kwamba ina chembe laini zinazolainisha chuma bila kukila, lakini hakuona haja ya kunipa sababu ya kweli ikiwa ya uongo inachekesha.

Ikabaki kamba. Niliipiga picha za mwendo wa polepole kwa simu, nikautumia ule uzi mwekundu kama alama: kila unapochomoza, naona kamba imesogea kiasi gani na gurudumu limezunguka kiasi gani. Ilikuwa ikiteleza. Tena ilitoa vinyweleo, na pale ilipoungwa ilipiga *tak* kila ilipopita kwenye kapi, na ule mgongano ulifika mpaka kwenye biti. Nikaagiza mkanda mweusi wa plastiki, wa duara, unaoungwa kwa moto usione kiungo.

"Kamba haijakukosea," Ami akasema.

"Inateleza, Ami."

"Na wewe ukipakwa mafuta utateleza."

"Nimeipima."

"Haya. Umeipima."

Nikaibadilisha. Na kwa kuwa tulikuwa tunabadilisha, tukatengeneza na ganda jipya la mpini, jembamba, linalong'aa. Matokeo yake yalikuwa chombo kimya, baridi, kilichotulia. Daktari Asila alikijaribu kwenye meno ya plasta, akasema hajawahi kushika kitu kama hicho. Nilitembea siku mbili nikiwa mrefu kuliko kawaida.

Siku ya miadi nilikwenda mwenyewe. Khalfan aliingia na mama yake, akaenda moja kwa moja kwenye mashine, ametabasamu. Akanyoosha kidole. Akagusa ule mkanda mweusi, akauacha. Akaugusa tena. Akaitazama mashine juu hadi chini, akanitazama mimi, akamtazama Neema. Kisha akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akaenda kukaa karibu na mlango, uso ukutani.

"Jamani, mbona hata sijakanyaga?" Neema akasema.

Kweli hakuwa amekanyaga. Mashine ilikuwa imesimama kimya, na mtu ameziba masikio. Nilimwomba Neema akanyage, labda akisikia jinsi ilivyo kimya atatulia. Hakutulia. Bi Rahma alimnong'oneza, akamsomea, akamsugua mgongo. Mwisho akatutazama kwa jicho ambalo sikulielewa. Halikuwa la hasira, lilikuwa la mtu aliyeona wenzake wamefanya jambo la ajabu lakini kwa heshima hasemi.

Ndipo Daktari aliponiuliza lile swali, mbele ya watu.

Karakanani nilichora kwenye ubao kila tulichobadilisha. Mlio: umekuwa mdogo, *tak* imekwisha. Rangi: kamba nyeupe, mkanda mweusi. Harufu: plastiki. Ganda: linang'aa, labda linaakisi taa. Hali ya hewa. Mimi mwenyewe: mara ya kwanza sikusogea karibu, mara hii nilisogea. Nilitaka tubadilishe kimoja kimoja, tumwalike Khalfan kila mara, tuone. Nilimpigia Daktari simu kumweleza mpango.

"Thuraya," akasema, "yule ni mgonjwa wangu, si panya wako. Na dawa ya muda imeanza kumomonyoka. Nna nafasi moja naye, pengine. Baada ya hapo nnaandika barua ya hospitali."

"Basi unataka nini?"

"Nnataka afungue mdomo."

Ami Nassor aliketi mbele ya ubao wangu akinywa chai. "Rudisha kila kitu," akasema.

"Na moto? Na mtetemo?"

"Ndani acha vyako. Nje rudisha vyake."

Hilo lilinichukiza kwa namna ambayo ni mtu wa sayansi tu atakayeielewa. Ukirudisha vitu vinne kwa mpigo na mambo yakatengenea, hutajua maisha ni kipi kilichotengeneza. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza nilikuwa nataka kujua au nilikuwa nataka jino. Nikasema vyote viwili. Akasema vyote viwili havipo kwenye menyu.

Tukazitia beringi zangu, kizingo na pete ya sufi ndani ya ganda la zamani lililofifia. Kamba kuukuu nilikuwa nimeshaisahau. Tukaitafuta karakana nzima, mpaka mtu wa viyoyozi akaja kuuliza tumepoteza nini. Ami akajipiga paji la uso, akatoka nje, akarudi nayo: alikuwa ameifungia buti la gari lake, lililokuwa halikai. Ilikuwa na vumbi la nusu ya Maskati. Nikaifua kwa sabuni, nikaianika dirishani, Ami akaiunga upya. Kiungo kikarudi kupiga *tak*, na kila kilipopiga moyo wangu uliuma, maana nilijua namna ya kukinyamazisha.

Khalfan alikuja. Akasimama mbali. Bi Rahma akamwambia neno sikioni, akimwonyesha mashine. Akasogea. Kidole kwenye kamba, kapi baada ya kapi, chini hadi kwenye gurudumu. Pale kwenye kiungo kipya alisimama, akakibinya-binya, akaonekana hakukipenda, akaendelea. Kisha akaenda mwenyewe kwenye kiti, akalala, akafungua mdomo.

Neema akakanyaga. Daktari akafanya kazi, akapumzika, akafanya tena. Mpini haukupata moto. Biti haikucheza. Khalfan hakuondoa macho kwenye ile kamba mpaka jino liliposafishwa na kuzibwa kwa dawa ya kudumu. Neema alipoinuka, mguu ulikuwa umekufa ganzi, akaruka ukumbini kwa mguu mmoja huku akisema, "Asante Yesu, alhamdulillah," zote mbili, asiache mtu nje.

Bi Rahma alinishika mikono. "Mungu akulipe, mwanangu. Hamna mfano nyie."

"Ni beringi," nikamwambia. Alicheka kama vile nimesema mzaha.

Tulitengeneza mipini myengine kama ule, pamoja na mashine zake za kukanyaga, kwa madaktari waliosikia na kutaka kujaribu. Baadhi ya wagonjwa waliipenda, wengine hawakuona tofauti, mmoja alituuliza kama kliniki imekatiwa umeme. Kila tulipopeleka, nilishikilia kwamba siri ni mlio wa cherehani, na nilihakikisha kamba ina kiungo cha kupiga *tak*. Kuna wakati niliamua ni weupe wa kamba. Kuna wakati nilisoma sana na kuamua ni mwendo wa kurudia-rudia mbele ya macho. Ami Nassor hakuwa na nadharia yoyote, na alikuwa akilala vizuri kuliko mimi. Lile la kuziba masikio mbele ya mashine iliyosimama halikukaa kwenye nadharia hata moja. Nililiacha nje kila mara, kama kiti kibovu mtu anachokitoa uani wageni wakija.

Miaka ikapita, mbinja ikaingia masikioni mwangu, nikaacha kazi. Wiki ya kwanza nyumbani Al Khoudh nilitengeneza kila kilichoharibika na baadhi ya visivyoharibika. Kisha simu ikalia.

"Mwanangu Thuraya, nasikia umestaafu, kijana kama wewe! Basi njoo unitazamie cherehani yangu, inaruka mishono." Bi Rahma.

Nikavuka milima hadi Al Amerat. Cherehani iko sebuleni, karibu na dirisha, na miguuni pake, kwenye mkeka, alikaa Khalfan, ana mvi sasa. Alikuwa akisuka kamba ya furakha. Ncha ya nyuzi ameibana kwa meno, upande wa kushoto, kwa lile jino la juu nyuma ya chonge, kwa kuwa upande wa kulia hana cha kubania. Na mikono yote miwili inakwenda mbio kuliko macho yangu. Nyuzi nyeupe. Mmoja mwekundu.

Nilisimama na bisibisi mkononi.

"Bi Rahma, huo mwekundu..."

"Huo hauachi. Tangu alipojifunza. Ukimtolea, anafumua kamba nzima. Wanunuzi wengine wanataka nyeupe tupu, wananirejeshea."

"Ile kamba ya mashine ya meno, kwa Daktari Asila."

"Si yake ile?" Akanitazama kwa jicho lilelile la siku ile kliniki. "Alikuwa kasuka ndefu, haina mnunuzi, nikaitia kwenye kapu la Daktari. Mara naiona iko kwenye mashine. Nikasema, huyu daktari ana akili, kamtafutia mwanangu kazi ya mkono wake mwenyewe ndiyo imtibu. Nikawaombea nyote. Kwani hamkujua?"

Nikamuuliza kuhusu siku ya mkanda mweusi, mashine imesimama, hakuna aliyekanyaga, na yeye ameziba masikio.

"Ah, hilo," akasema, akakata uzi. "Khalfan akirejeshewa kazi yake huziba masikio. Tangu mdogo. Hataki kusikia kosa lilikuwa wapi."